Alama Rasmi za Jimbo la Minnesota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na Waswahili wanaoishi Minnesota, hasa wazazi wanaosaidia watoto na kazi za shule, pamoja na wasomaji walio nyumbani waliosikia habari za bendera mpya wakataka kujua kisa chake. Swali likiwa limejibiwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Alama rasmi ya jimbo ni nini hasa?

Ni kitu ambacho sheria ya jimbo imekitaja kwa jina kuwa kinaliwakilisha jimbo. Minnesota ilijiunga na Marekani tarehe 11 Mei 1858, ikawa jimbo la 32, na alama zake zimeorodheshwa katika sura ya kwanza kabisa ya sheria za jimbo. Kwa hiyo kitu kinaweza kupendwa na watu wote, kikachapishwa kwenye fulana na vikombe, na bado kisiwe alama rasmi. Utaona mifano kwenye sehemu ya mwisho.

Nani huamua?

Bunge la jimbo, lililopo Saint Paul. Mswada hupita Baraza la Wawakilishi lenye viti 134 na Seneti yenye viti 67, kisha gavana hutia sahihi. Ni utaratibu uleule wa kupitisha sheria ya kodi au ya barabara. Mwananchi yeyote anaweza kumwandikia mbunge wake na kumwomba apeleke pendekezo, na ndivyo alama kadhaa zilivyopatikana. Tangu uchaguzi wa Novemba 2024, mmoja wa wanaopiga kura hizo ni Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya.

Bendera na muhuri wa sasa vilipitia njia tofauti kidogo. Tazama sehemu ya bendera.

Nipeni orodha kwa kifupi. Mtoto ana kazi ya shule kesho.

Ndege ni loon (1961). Samaki ni walleye (1965). Ua ni okidi iitwayo showy lady's slipper (1902). Mti ni msonobari mwekundu, ambao wenyeji huuita Norway pine (1953). Jiwe la thamani ni akiki ya Ziwa Superior (1969). Nafaka ni mchele wa porini (1977). Kinywaji ni maziwa, na uyoga ni morel. Vyote viwili vilipitishwa 1984. Kitafunwa ni mafini ya bluberi (1988), kipepeo ni monarch (2000), picha ni ile iitwayo Grace (2002), tunda ni tufaha la Honeycrisp (2006), mchezo ni hoki ya barafuni (2009), na nyuki ni nyuki bambi mwenye doa la kutu mgongoni (2019). Wimbo ni "Hail! Minnesota" (1945). Kaulimbiu ni "L'Étoile du Nord" (1861). Bendera na muhuri wa sasa vilianza kutumika 11 Mei 2024.

Mwalimu akitaka maelezo zaidi ya majina na miaka, endelea kusoma.

## Bendera

Kwa nini bendera ilibadilishwa?

Kulikuwa na sababu mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni ya usanifu. Bendera ya awali ilibuniwa na Amelia Hyde Center mwaka 1893, kwa ajili ya maonyesho ya dunia yaliyofanyika Chicago. Upande mmoja ulikuwa mweupe, wa pili buluu, na katikati palikuwa na muhuri wa jimbo uliozungukwa na maua, tarehe na nyota 19. Akina dada Fjelde, wahamiaji kutoka Norway, waliitarizi kwa hariri, na kazi yao ikapata medali ya dhahabu. Ilipendeza ukumbini, nje ilikuwa mzigo. Vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja vilikuwa vizito na ghali, na upepo ulivirarua. Mwaka 1957 ikafanywa ya rangi moja ya buluu, lakini muhuri ukabaki katikati. Ukisimama mbali kidogo huoni ila duara lenye vitu vingi juu ya buluu, na majimbo mengi ya Marekani yana bendera za namna hiyohiyo. Wapenzi wa elimu ya bendera walipozipanga 72 za Marekani na Kanada mwaka 2001, ya Minnesota iliangukia nafasi ya 67.

Sababu ya pili ndiyo iliyowaumiza watu, nayo ni ule mchoro uliokuwa ndani ya muhuri wenyewe. Imeelezwa kwenye sehemu ya muhuri. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu katika ukurasa huu, soma lile.

Nani walichagua bendera mpya, na ilichaguliwaje?

Mwaka 2023 bunge liliunda tume maalumu na kuipa hadi mwisho wa mwaka kukamilisha bendera na muhuri. Ndani yake walikuwamo wawakilishi wa Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile. Sheria iliweka sharti moja la busara: michoro isibebe alama inayowakilisha jamii moja tu au mtu mmoja tu. Wananchi walialikwa kupeleka michoro, na ya bendera peke yake ilizidi 2,000, mingine ya mzaha kabisa. Uliochaguliwa ulikuwa wa Andrew Prekker wa mji mdogo wa Luverne, kusini magharibi mwa jimbo. Tume iliurekebisha kabla ya kuupitisha tarehe 19 Desemba 2023.

Ukaanza kupeperushwa 11 Mei 2024, siku ya kumbukumbu ya jimbo.

Rangi na nyota zina maana gani?

Upande wa mlingoti kuna umbo la buluu iliyokoza linaloashiria ramani ya Minnesota yenyewe. Ndani yake ipo nyota nyeupe yenye ncha nane: ni Nyota ya Kaskazini, na umbo lake linafuata nyota iliyo sakafuni katikati ya jengo la bunge, lile lililosanifiwa na Cass Gilbert na kufunguliwa 1905. Sehemu iliyobaki ni buluu nyepesi, yaani maji. Hakuna maandishi wala picha. Mtoto wa chekechea anaweza kuichora kwa krayoni, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kizuri cha bendera.

Ni kweli imeigwa kutoka bendera ya Somalia?

Hapana. Swali hili halichoki kuulizwa kwa sababu Minnesota ina jamii kubwa ya Wasomali, na wapinzani wa bendera walilishikilia sana. Bendera ya Somalia ni buluu nyepesi yenye nyota moja nyeupe ya ncha tano katikati. Ya Minnesota ina buluu mbili na nyota ya ncha nane iliyo upande wa mlingoti.

Kilichowasha maneno ni mchoro wa awali wa Prekker. Ulikuwa na mistari mitatu, mweupe, kijani na buluu nyepesi, na watu wakaulinganisha na bendera ya Puntland, eneo la kaskazini mashariki mwa Somalia, yenye mistari ya rangi hizohizo. Tume iliiondoa mistari yote na kubakiza buluu moja. Anayeendelea kurudia madai hayo leo anazungumzia mchoro ambao haukupita.

Je, bado ninaweza kupeperusha bendera ya zamani nyumbani?

Ndiyo. Sheria ya bendera inahusu majengo na shughuli za serikali. Kibarazani kwako ni juu yako. Baadhi ya halmashauri za kaunti na miji zilipitisha maazimio ya kuipinga bendera mpya, na kuna miji iliyoamua kubaki na ya zamani. Basi ukiona ya zamani imetundikwa, pengine ni mapenzi ya kale, pengine ni siasa, na mara nyingine ni mtu tu ambaye hajapata nafasi ya kununua mpya.

Ikipeperushwa pamoja na ya taifa, inakaa wapi?

Ya taifa hupewa nafasi ya heshima: juu zaidi kama ni mlingoti mmoja, au kulia kwake yenyewe, yaani kushoto kwa anayezitazama, kama milingoti ni miwili. Bendera ya jimbo haiwi juu ya ile ya taifa.

## Muhuri na kaulimbiu

Muhuri wa zamani ulikuwa na ubaya gani?

Ulionyesha mkulima Mzungu akilima kwa plau, bunduki yake ikiwa imeegemezwa kwenye kisiki pembeni, huku mwenyeji wa asili akiondoka juu ya farasi kuelekea machweo. Mchoro huo unatokana na kazi ya Seth Eastman, mwanajeshi na mchoraji, iliyotumika tangu Minnesota ilipokuwa eneo lisilo jimbo bado, mwaka 1849. Mtu anaweza kusema ni mandhari tu ya shamba. Lakini mke wake, Mary Eastman, aliuandikia shairi linaloueleza, na ndani yake shujaa kijana wa wenyeji anaambiwa apishe, yeye na farasi wake. Kwa hiyo maana yake haikuwa fumbo.

Weka hilo kando ya historia. Mwaka 1862, baada ya mikataba kuvunjwa, malipo kucheleweshwa na njaa kuingia, vilitokea vita kati ya Wadakota na serikali. Tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Mwaka uliofuata sheria ya Marekani ikawafukuza Wadakota kutoka Minnesota. Vizazi vya waliorudi viliishi chini ya bendera iliyokuwa na picha ya mtu anayeondoka. Mtoto wa Kidakota alisimama darasani mbele yake.

Mwaka 1983 walijaribu kuulainisha: mpanda farasi akaelekezwa kusini badala ya magharibi, ili ionekane kwamba haondoki. Bunduki na plau vikabaki palepale. Tiba hiyo ya nusu ilidumu miaka 40.

Muhuri mpya una nini?

Katikati yupo loon ameinua mabawa juu ya maji, na juu yake Nyota ya Kaskazini. Wapo pia misonobari na mabua ya mchele wa porini. Ukingoni kuna maneno ya Kidakota, "Mni Sóta Makoce", yaani nchi ambamo maji huakisi anga, na ndiko jina la jimbo lilikotoka. Msanifu wa msingi ni Ross Bruggink. Binadamu hayumo hata mmoja, na nadhani hiyo ilikuwa njia salama kuliko zote.

Cheti changu cha kuzaliwa au cha ndoa kina muhuri wa zamani. Nibadilishe?

Usibadilishe. Hati iliyotolewa kihalali chini ya muhuri uliokuwa ukitumika wakati huo inabaki halali. Kubadilika kwa muhuri hakufuti cheti, hati ya nyumba wala karatasi iliyogongwa na mthibitishaji wa viapo. Mtu akikuomba pesa eti akusaidie "kuhuisha" vyeti kwa sababu ya muhuri mpya, mkimbie.

Naweza kuweka muhuri kwenye kadi za biashara yangu?

Usifanye hivyo. Muhuri hutunzwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo na huthibitisha hati za serikali. Kuuweka kwenye biashara binafsi kunaweza kumfanya mteja aamini kwamba serikali imekuidhinisha. Ukitaka kuonyesha mapenzi kwa jimbo, chapa nyota, loon au umbo la ramani.

Kwa nini kaulimbiu iko kwa Kifaransa?

Kwa sababu Wafaransa walitangulia kufika kufanya biashara ya ngozi za wanyama, na majina yao yamejaa kwenye ramani ya jimbo. Gavana wa kwanza, Henry Sibley, mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika biashara hiyo. Kaulimbiu ya awali, ya 1849, ilikuwa ya Kilatini na ilichongwa kwa makosa mpaka wasomi wakashindwa kuisoma. Mwaka 1861 ikapitishwa "L'Étoile du Nord", Nyota ya Kaskazini. Minnesota ni jimbo pekee la Marekani lenye kaulimbiu ya Kifaransa. Haimo tena kwenye muhuri, lakini haijafutwa.

## Ndege, ua, mti na nafaka

Loon ni ndege gani? Ni bata?

Si bata, ingawa huogelea ziwani kama bata. Ni ndege mzamiaji: kichwa cheusi, macho mekundu, mgongo wenye madoadoa meupe yaliyopangika kama kitenge. Mifupa yake mingi haina uwazi wa hewa kama ya ndege wengine, kwa hiyo huzama kwa urahisi kufuata samaki. Miguu yake imekaa nyuma sana ya mwili, hivyo majini ni fundi, nchi kavu anajikokota. Minnesota ina takriban loon 12,000, wengi kuliko jimbo lolote isipokuwa Alaska. Majira ya baridi huhamia pwani za kusini, hadi Florida na Ghuba ya Meksiko.

Kinachomfanya apendwe ni sauti. Usiku ziwani hulia kilio kirefu kinachopanda na kushuka, na mgeni asiyeambiwa anaweza kudhani kuna mtu katika dhiki.

Ua la jimbo nitalipata wapi, na naweza kulichuma?

Hustawi kwenye ardhi oevu na misitu yenye majimaji, huchanua kati ya Juni na Julai, na ni marufuku kulichuma tangu sheria ya 1925. Lipige picha. Sababu ya ukali huo utaielewa ukijua kwamba mmea huu unaweza kuchukua hadi miaka 16 kabla ya kutoa ua lake la kwanza.

Kuna kisa kidogo hapa. Mwaka 1893 bunge lilipitisha ua lisilo sahihi: jina la kisayansi lililoandikwa lilikuwa la okidi isiyoota Minnesota kabisa. Ilichukua hadi 1902 kurekebisha, baada ya kikundi cha wanawake kugundua kosa.

Mchele wa porini ni mchele kweli?

Si mpunga tunaoujua wa Mbeya au Mwea, japo ni nyasi ya ukoo mmoja. Huota wenyewe kwenye maziwa yenye maji ya kina kifupi, na punje zake ni ndefu, nyeusi, zenye ladha ya karanga. Waojibwe huuita manoomin. Mapokeo yao yanasema waliambiwa wahame kuelekea magharibi mpaka wafike mahali ambapo chakula huota juu ya maji. Kwao ni chakula, ni dini, ni sehemu ya mikataba. Kwa hiyo bunge lilipoutangaza nafaka ya jimbo 1977 lilikuwa limechelewa sana kwenye jambo ambalo wenye nchi walilijua zamani.

Uvunaji wa asili ni wa watu wawili kwenye mtumbwi. Mmoja husukuma kwa upondo. Mwingine huinamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyapigapiga kwa kingine, punje zilizoiva ziangukie ndani na nyingine zirudi majini kuwa mbegu.

Naweza kuuvuna mwenyewe?

Kwa kibali, ndiyo, na mkazi wa jimbo hukipata bila shida. Msimu ni 15 Agosti hadi 30 Septemba. Mtumbwi usizidi futi 18, usukumwe kwa upondo au kafi tu, na vijiti visizidi inchi 30 kwa urefu na ratili moja kwa uzito. Maji yaliyo ndani ya maeneo ya makabila ya wenyeji yana kanuni zake, na usiingie bila kuuliza. Dukani, soma pakiti: uliovunwa kwa mkono na uliolimwa mashambani ni bidhaa mbili tofauti, kwa bei na kwa ladha.

Kwa nini mti unaitwa wa Norway na hautoki Norway?

Jina limedumu tu. Ni msonobari wa Amerika Kaskazini wenye magome mekundu, na miti mirefu mizee utaiona kwenye hifadhi ya Itasca, pale mto Mississippi unapoanza.

## Watoto, vyakula na picha

Ni kweli watoto wa shule walitunga sheria?

Waliisukuma, wakubwa wakaipigia kura. Mafini ya bluberi ilipendekezwa na wanafunzi wa darasa la tatu wa Carlton, wakapata ushindi 1988. Tufaha la Honeycrisp nalo lilipendekezwa na wanafunzi wa shule ya msingi ya Bayport. Lilikuzwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima 1991. Wapo wanaolalamika kwamba bunge linapoteza muda kwa mafini. Mimi naona mtoto wa miaka tisa aliyeketi mbele ya kamati na kutetea hoja yake amejifunza uraia kuliko kitabu chochote.

Picha ya jimbo ni ipi?

Mzee mwenye ndevu nyeupe ameinamisha kichwa akiomba mbele ya mkate, bakuli, kitabu na miwani. Ilipigwa na Eric Enstrom mjini Bovey mwaka 1918; mzee huyo alikuwa mchuuzi aliyepita kwenye studio yake, jina lake Charles Wilden. Huenda umeiona kwenye ukuta wa sebule ya mtu bila kujua ilikotoka.

## Maswali ya pembeni

Mtihani wa uraia unauliza alama hizi?

Hapana. Sehemu ya jimbo huuliza mambo kama jina la gavana, seneta wako na makao makuu, ambayo ni Saint Paul. Wengi hujibu Minneapolis.

"Nchi ya Maziwa 10,000" ni jina rasmi?

Ni maneno ya kwenye vibao vya magari tangu 1950, na ni ya unyenyekevu: maziwa yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi ni 11,842.

Na "Gopher State"?

Nalo ni la utani. Mwaka 1858 palikuwa na ubishi mkali juu ya serikali kuzikopesha kampuni za reli dola milioni 5. Mchoraji Robert Sweeny akachora katuni ya gopher, wale kidiri wachimba mashimo, wakiwa na vichwa vya wanasiasa na wakivuta behewa la reli. Reli ikadorora, utani ukabaki. Leo timu za Chuo Kikuu cha Minnesota hubeba jina hilo kwa fahari.

Mnyama wa jimbo ni yupi?

Hayupo. Kulungu mwenye mkia mweupe amependekezwa zaidi ya mara moja, na dubu na mbwamwitu nao wana mashabiki wao, lakini hakuna mswada uliofika mwisho. Kasa wa Blanding naye huonekana kwenye orodha nyingi za mtandaoni kama mtambaazi wa jimbo; alipendekezwa, hakupitishwa. Mwalimu akimwandikia mwanao alama ya kosa kwa kuacha nafasi hiyo wazi, mtoto ndiye aliye sahihi.